Jua la Nax Limekukaanga? Chapa Juisi Kali na Minti ya Gunia Bila Kuchoma Doh

Kama unasoma hii ukiwa kwa mat ya Free Area, dirisha limekwama, jua linakuchoma upande mmoja na vumbi linakusalimia upande ule mwingine, basi hii ni yako. Januari hadi Machi hapa kwetu mvua huwa imeenda likizo. Nyasi za Menengai zimekauka, koo limekauka, na mfuko pia umekauka, juu Njaanuary haijawahi kumhurumia mtu.

Shida ni kwamba kiu haijui umesota. Unapita duka, unaona soda imesimama kwa friji ikitokwa na jasho kama mrembo wa tangazo, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Leo moja, kesho moja, wikendi ukiwa na mbogi ni kreti. Mwisho wa mwezi unashangaa doh ilienda wapi.

Leo tunakuonyesha vile utatengeneza vinywaji baridi vya maana kwa keja, ukitumia majani na matunda ambayo unaweza kupanda mwenyewe, hata kama shamba lako lote ni kibaraza na gunia moja. Na hapana, hatuongelei juisi ya jaba. Tulia.

Lakini kabla ya utamu kuna jambo moja la maana sana kuhusu maji ya huku kwetu. Usiruke hiyo sehemu. Kama kuna mtoto kwa nyumba yako, hiyo ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Kwanza, hesabu ya soda

Kola nyingi za kawaida zina kama gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita hapo ni zaidi ya gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 13. Chukua kikombe cha chai, weka vijiko 13 vya sukari, halafu uniambie kama mathe wako hatakuitia maombi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu mzima anayekula kawaida asipitishe kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akibaki chini ya 25 ni poa zaidi. Chupa moja ya nusu lita tayari imemaliza bajeti yako ya siku nzima, na bado hujakunywa chai ya jioni na mandazi.

Ukijitengenezea, wewe ndiye unashika kijiko. Hapo chini nitakupa vipimo ambavyo nusu lita inabeba kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa. Ni nusu ya soda, na bado utamu uko.

Shamba la gunia: panda nini?

Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku kunapoa. Hiyo hali inapendwa na vitu vingi vya kuweka kwa glasi.

*Minti.* Watu wa Pwani wanaiita nanaa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Nunua fungu sokoni, chagua vijiti vitano vyenye nguvu, toa majani ya chini, tumbukiza kwa glasi ya maji, weka karibu na dirisha. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kwa wiki moja au mbili utaona mizizi. Hamishia kwa ndoo iliyotoboka au kopo la rangi uliloosha vizuri. Usiichanganye na mimea mingine, juu minti ni kama yule beshte alikuja kukaa siku mbili: ukigeuka, amechukua keja yote. Inataka maji mara kwa mara na haijali kivuli kidogo.

*Mchaichai.* Tafuta mashina ambayo bado yana kitako chake cha chini, yatie kwa maji hadi yatoe mizizi, halafu panda. Inapenda jua. Kama uko Molo au upande ule wa baridi ya kugandisha masikio, iingize ndani usiku wa baridi kali, juu umande ukiganda huichoma.

*Rozmari.* Cheki ua la jirani. Mitaa mingi ya Nakuru iko na rozmari kwa ua na wenyewe hawana habari. Omba vijiti vya urefu wa kidole kirefu, toa majani ya chini, chomeka kwa udongo wenye mchanga. Kosa la wengi ni kuinywesha maji kila siku hadi mizizi inaoza. Ngoja udongo ukauke kwanza.

*Stroberi.* Pata miche kutoka kwa mtu ambaye tayari anapanda, juu stroberi hutambaa na kuzaa vichipukizi vyenyewe. Baada ya miezi kama mitatu unaweza kuanza kuchuma. Gunia ni nyumba nzuri kwake: matunda yananing'inia kando bila kugusa tope.

*Pashoni na matunda damu.* Hizi ni za mwenye subira na nafasi. Pashoni ya zambarau inapenda nyanda za juu kama zetu. Ipe waya au ua wa kupanda, na kwa kama mwaka hivi inakupa matunda. Matunda damu yanachukua kama mwaka mmoja na nusu. Ukiwa bado unangoja, mama mboga yupo.

Gunia lenyewe linapangwa hivi: jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, na katikati simamisha nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yafike kila mahali. Toboa mashimo kando na upande miche humo. Unaweza kulimwagia maji uliyooshea mboga. Usiliweke kando ya mtaro wa maji machafu, na usinunue majani yaliyonyweshwa na maji hayo. Haya majani utayala mabichi.

Sasa tubonge kuhusu maji

Kama umekulia Nakuru, Njoro, Gilgil au Elementaita, unajua ile stori. Unaenda chuo Nairobi, unacheka, halafu mtu anakuuliza, "Wewe ni wa Nakuru, si ndiyo?" Anaangalia meno. Wasee wengi wamekua wakificha tabasamu kwa mkono, kwa picha za shule hadi picha za harusi. Wengine waliambiwa ni uchafu. Wengine waliambiwa hawapigi mswaki. Wakasugua hadi fizi zikatoka damu, na ile rangi ya kahawia haikutoka.

Haikutoka juu si uchafu. Ni floridi.

Bonde la Ufa limejengwa na volkano. Miamba yetu ina floridi nyingi, na maji yakikaa chini ya ardhi yanaiyeyusha polepole. Ukichimba kisima kirefu, unavuta maji masafi kwa macho lakini yenye floridi. Floridi kidogo husaidia meno, ndiyo maana iko kwa dawa ya mswaki. Ikizidi, inaharibu meno ya mtoto wakati bado yanajengwa ndani ya fizi, miaka ile ya kwanza minane ya maisha. Yakitoka yana madoa meupe au ya kahawia, na hayo hayaoshwi. Kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi, hata mifupa inaumia. WHO imeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa viko juu ya hapo.

Hapa ndipo wengi tunateleza: kuchemsha hakutoi floridi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hiyo ni muhimu. Lakini maji yakipungua kwa mvuke, floridi inabaki kwa sufuria, kwa hivyo kila lita inayobaki inakuwa na floridi zaidi. Klorini pia haiitoi. Kichungi cha kawaida cha udongo hakiitoi. Ukichemsha sufuria ya mchaichai nusu saa kwa maji ya kisima ukidhani unayasafisha, umeyakoleza.

Kinachosaidia ni hiki:

1. *Maji ya mvua.* Hayajapita kwa mwamba, kwa hivyo floridi yake ni ndogo sana. Mvua ikirudi, kinga kwa mabati safi, acha maji ya dakika za kwanza yamwagike, kisha uhifadhi kwa tangi lenye kifuniko. Ya kunywa bado uyachemshe.
2. *Kichungi cha mkaa wa mifupa.* Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa tanuri hadi inakuwa mkaa, inasagwa, na maji yakipita hapo floridi inanaswa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hii kwa miaka mingi, na vichungi vya aina hii vimetumika kwa nyumba na kwa shule. Mkaa huchoka, kwa hivyo lazima ubadilishwe.
3. *Maji yaliyochujwa kwa mashine ya utando.* Hivyo vibanda vya kujaza maji mtaani, vingine vinatumia hiyo mashine na vingine havitumii. Muulize muuzaji bila aibu: "Hii maji imepimwa floridi? Ni ngapi kwa lita?" Anayejua kazi yake atakujibu kwa namba.

Sio kila bomba la Nakuru liko na shida. Kuna maji ya mito na kuna ya visima, na visima viwili jirani vinaweza kutofautiana. Ndiyo maana unauliza na kupima badala ya kukisia. Kitu kingine: majani ya chai nayo yana floridi yake ya asili. Chai ya barafu ni tamu, lakini kama maji yako ni ya kisima kisichopimwa, usiifanye kinywaji cha mtoto cha kila siku.

Ukishapata maji mazuri, chemsha. Nakuru mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, juu tuko juu. Yakitokota kwa nguvu dakika moja, inatosha. Ukiwa Molo, zaidi ya mita 2,000, yape dakika tatu.

Sheria tatu za mkono

*Moja: sukari iyeyushwe kwanza.* Sukari haiyeyuki vizuri kwa maji baridi, inakaa chini ya glasi ikikungoja. Pika sirapu: kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, koroga kwa moto hadi iwe wazi, poesha. Ndani ya chupa safi kwa friji inakaa wiki mbili bila stress.

*Mbili: jani laini lipigwe kofi, jani gumu lipate maji moto.* Minti na rehani ni laini. Weka kwa kiganja, piga kofi moja, tia kwa jagi. Ukiisaga kwa blenda inageuka chungu na rangi inakuwa ya kinamasi. Rozmari na mchaichai ni ngumu, harufu yao inatolewa na maji moto. Rozmari ipe dakika 10 tu halafu itoe, la sivyo juisi itanukia dawa ya kuchua mgongo.

*Tatu: mbegu zisisagwe.* Mara ya kwanza nilitupa pashoni kwa blenda nikaiacha inguruume. Nilipata kitu cheusi chenye mchanga ambacho hata mimi sikumaliza. Tumia kijiko na chujio, basi.

Resipe nne za lita moja

*1. Ndimu na minti.* Kamua ndimu tatu. Ongeza vijiko vinne vikubwa vya sukari vilivyoyeyushwa kwa maji moto kidogo, kisha maji baridi hadi ifike lita. Piga kofi majani 15 ya minti, tia, acha dakika 20. Usichemshe maganda ya ndimu pamoja, ile nyama nyeupe ya ganda ni chungu.

*2. Dawa baridi.* Ile dawa ya kikombe moto ya mafua, tumeigeuza. Ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na mashina matatu ya mchaichai. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 15, chuja. Ikipoa kidogo ongeza vijiko vitatu vikubwa vya asali na juisi ya ndimu mbili, kisha maji hadi lita. Ukipata asali ya Baringo umeomoka, hapo harufu ni nyingine. Ila mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata tone. Inaweza kumletea sumu hatari.

*3. Pashoni na rozmari.* Tia kijiti kimoja cha rozmari kwa sirapu ikiwa bado moto, kitoe baada ya dakika 10. Chota pashoni nane, koroga kwa chujio kwa mgongo wa kijiko hadi mbegu zibaki kavu. Changanya na vijiko sita vikubwa vya sirapu hiyo, ongeza maji hadi lita. Hii ndiyo ya kumpa mgeni akuulize umenunua wapi.

*4. Tikiti na minti.* Msimu ukifika, barabara ya kutoka Marigat inaleta matikiti ya jua la Baringo. Kata nusu ya tikiti la wastani, toa mbegu, ponda au saga, chuja kama unapenda. Juisi ya ndimu moja, majani 10 ya minti, na chembe ndogo ya chumvi. Sukari usiweke. Tikiti lenyewe linajua kazi. Hii ni poa sana baada ya kucheza boli Afraha ukiwa umetoa jasho.

Zingatia: sukari ya juisi ya tunda pia inahesabika mwilini. Glasi moja au mbili ni fiti, lakini kiu ya siku nzima ni ya maji. Na ndimu ni asidi, kwa hivyo suuza mdomo na maji baada ya kunywa, usikimbilie mswaki papo hapo. Ngoja kama nusu saa.

Huna friji? Hakuna noma

Shosh alijua fizikia kabla ya mwalimu wako. Mtungi wa udongo una vitobo vidogo sana. Maji yanapenya polepole hadi nje, yanageuka mvuke, na mvuke ukiondoka unabeba joto. Kinachobaki ndani kinapoa. Hewa ya Nakuru ya Januari ni kavu, kwa hivyo mtungi unafanya kazi vizuri kuliko vile ungefanya Mombasa, ambapo hewa tayari imejaa unyevu.

Huna mtungi? Funga chupa na kitambaa kilicholowa, weka kivulini mahali upepo unapita, na uloweshe tena kikikauka. Nusu siku na utaona tofauti.

Barafu ya kununua, chunga sana. Kuganda hakuui vijidudu. Barafu ya maji machafu ni maji machafu tu yaliyosimama wima, na kipindupindu hakibagui mtaa. Juisi isiyo na friji inywewe siku hiyo hiyo. Kwa friji, siku mbili. Ikianza kutoa mapovu na hujaweka kitu cha mapovu, mwaga.

Na usichume jani lolote ambalo hulijui eti juu linanukia vizuri. Kama mtu hajakuonyesha kwa uhakika, liache lilale hapo.

Unaona biashara hapo?

Najua kichwa chako tayari kinahesabu. Jua la Nax, wanafunzi, stendi ya mat, chupa baridi. Ni hasla ya ukweli, lakini ifanye safi. Utahitaji kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha daktari cha anayeshika chakula. Ukianza kufunga kwa chupa yenye lebo na kupeleka kwa maduka, hapo unaingia kwa viwango vya KEBS. Anza na majirani, onja soko, halafu ukue.

Na ukiuza, kumbuka kwamba maji yako sasa ni meno ya mtoto wa mtu mwingine. Yule dogo wa miaka minne anayelilia chupa yako kila jioni hajui floridi ni nini. Wewe sasa unajua.

Kwa hivyo wikendi hii, fanya vitu viwili tu. Nunua fungu la minti na uweke vijiti vitano kwa maji. Halafu ukienda kujaza mtungi, uliza lile swali la floridi. Mizizi ikitoka, utakuwa tayari na jibu, na glasi ya kwanza utaikunywa ukicheka bila kuweka mkono kwa mdomo.